Jicho, mkono na pochi: mnunuzi anavyokihukumu kifungashio "rafiki wa mazingira"

Ile mifuko laini iliyoshamiri Tanzania tangu Juni 2019, ambayo wengi tunaiita mifuko ya kitambaa, haina hata uzi mmoja wa pamba. Ni polipropilini, plastiki ileile inayofumiwa salfeti za mchele na kutengenezewa ndoo na viti. Tofauti ni kwamba imeyeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi nyembamba, nyuzi zikatandazwa na kubanwa kwa joto mpaka zikafanana na nguo. Ukiushika haulii kama rambo, ule mfuko mwembamba wa plastiki wa dukani, lakini ukiusogeza kwenye moto unajikunja, unayeyuka na kudondosha matone.

Siubezi mfuko huo. Ule uliotimiza kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS), yaani usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, unakwenda sokoni na kurudi kwa miezi kadhaa bila kukatika. Nimeanza nao kwa sababu mamilioni ya watu waliupokea kama kitu kisicho plastiki, na hakuna aliyewadanganya kwa maneno. Waliuangalia, wakaushika, wakaamua. Hivyo ndivyo binadamu anavyokihukumu kifungashio karibu kila mahali, na ndiyo maana mjadala wa vifungashio rafiki wa mazingira unatuchanganya.

Mwaka 2023 watafiti Tatiana Sokolova, Aradhna Krishna na Tim Döring walichapisha kazi yao katika Journal of Consumer Research. Waliwaonyesha watu bidhaa iliyofungwa kwa plastiki, kisha bidhaa ileile yenye plastiki ileile, ila safari hii imeongezwa karatasi juu yake. Watu wakasema hiyo ya pili inajali mazingira zaidi. Takataka imeongezeka, plastiki haijapungua hata gramu moja, lakini karatasi imeisafisha sura. Maelezo yao yananiridhisha: kichwani tunapiga hesabu ya uwiano. Karatasi ni nzuri, plastiki ni mbaya, basi kifungashio chenye nusu karatasi lazima kiwe bora kuliko kilicho plastiki tupu. Tunasahau kuuliza plastiki yenyewe ni kiasi gani.

Rangi nayo ina kazi yake. Kaki isiyong'aa, jani la kijani pembeni, maandishi yanayofanana na ya mkono: bidhaa imekwishaonekana ya shambani. Kikombe cha kahawa cha karatasi kina utando wa plastiki kwa ndani, vinginevyo kingelowa na kuvuja mkononi. Utando huo hauonekani, kwa hiyo kwenye hukumu ya mnunuzi haupo.

Sikio nalo linahukumu, na mfano ulio wazi unatoka Marekani. Mwaka 2010 kampuni ya Frito-Lay ilitoa krispi zake za SunChips katika pakiti mpya iliyotengenezwa kwa mimea, inayooza na kuwa mboji. Pakiti hiyo ilipiga kelele vibaya mno ilipoguswa. Aliyeipima alipata desibeli zipatazo 95. Wateja walianzisha kundi la Facebook kulalamika kwamba hawasikilizani wakiwa na pakiti hiyo mkononi, mauzo yakayumba, na kufikia Oktoba mwaka huohuo kampuni ilikuwa imeiondoa kwenye ladha karibu zote. Wateja hawakuwa na ugomvi na mboji. Walitaka kula krispi wakitazama televisheni.

Kuna hukumu nyingine ya chinichini: wasiwasi kwamba kilicho kizuri kwa dunia ni dhaifu kwa kazi. Mwaka 2010 mtafiti Michael Luchs na wenzake walionyesha kwamba watu huhusisha bidhaa inayojali mazingira na upole, na bidhaa ya kawaida na nguvu. Upole unafaa kwenye shampuu ya mtoto. Kwenye kazi inayotaka nguvu, sifa hiyohiyo inageuka kasoro. Sokoni kwetu wasiwasi huu unatamkwa wazi: mtu anaukamata mfuko wa karatasi, anauvuta vuta, anauliza, "Huu utafika nyumbani na samaki?" Swali lake ni la haki. Karatasi na samaki mbichi havipatani.

Mfuko upi basi ni bora?

Hapa jibu linategemea unapima nini, na wengi wanaobishana wanapima vitu viwili tofauti bila kujua.

Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa tathmini iliyofuata mifuko tangu malighafi mpaka jalalani, ikihesabu hewa ukaa, ile inayoongeza joto la dunia. Kipimo kilikuwa ule mfuko mwembamba wa dukani uliotumika mara moja. Ili mfuko wa karatasi uufikie, lazima utumike mara 3. Ule laini wa polipropilini, mara 11. Mfuko wa pamba, mara 131. Mwaka 2018 Wakala wa Mazingira wa Denmark ulifika mbali zaidi. Kwa hewa ukaa peke yake mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 52, na walipojumlisha vipimo vyote, yakiwemo maji na madhara kwenye tabaka la ozoni, ukahitaji mara 7,100. Pamba inakunywa maji, inataka mbolea na dawa, inasokotwa, inafumwa, inasafirishwa. Rambo ni mafuta kidogo sana yaliyovutwa yakawa utando.

Watengenezaji wa plastiki wanazipenda sana namba hizi, na wanaozisoma haraka wanahitimisha kwamba marufuku za Afrika Mashariki zilikuwa kosa. Mimi sikubali. Tathmini hizo zote mbili hazikuhesabu mfuko uliotupwa ovyo. Zinachukulia kwamba mfuko unaishia kwenye pipa, pipa linachukuliwa na gari, gari linakwenda kwenye tanuru au jalala lililofukiwa vizuri. Kwetu mfuko uliishia mtaroni. Mvua za masika zikija Dar es Salaam, mtaro ulioziba unaingiza maji sebuleni. Wachinjaji na madaktari wa mifugo wa Nairobi wametoa mafundo ya mifuko kwenye matumbo ya ng'ombe. Madhara hayo hayapimwi kwa kilo za hewa ukaa, na ndiyo yaliyoisukuma Zanzibar kupiga marufuku 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kisha Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Kwa hiyo Mdenmark anayehesabu hewa ukaa na mkazi wa Jangwani, bondeni Dar es Salaam, anayehesabu mafuriko wanaweza kutoa majibu yanayopingana kuhusu mfuko mmoja, na wote wakawa sahihi. Mnunuzi anayeambiwa leo kwamba plastiki ni adui na kesho kwamba pamba ni mbaya zaidi hana sababu ya kujilaumu akichanganyikiwa.

Maisha ya pili

Wataalamu wengi wa masoko huacha kumwangalia mnunuzi mara anapotoka dukani. Kwa maoni yangu hapo ndipo wanapoikosa nusu ya habari, hasa huku kwetu, kwa sababu kifungashio kinaanza kazi yake ya pili kikifika nyumbani.

Angalia jiko lolote la uswahilini. Dumu la lita 20 lililokuja na mafuta ya kula sasa linachota maji. Ndoo ya rangi iliyosuguliwa mpaka ikatakata inahifadhi unga. Kopo la siagi lina chumvi, chupa ya maji ya lita moja na nusu ina mafuta ya taa au asali kutoka Tabora, salfeti ya mchele imekuwa gunia la mkaa na baadaye zulia la kuanikia mpunga. Ndoo yenye mfuniko unaobana inauzwa tena kwa bei ya maana. Mama anayechagua chapa ya mafuta kwa sababu dumu lake ni imara amefanya uamuzi wa kimazingira ulio mkubwa kuliko wa anayechagua lebo yenye jani, ingawa dodoso la utafiti litamwandika kama mtu asiyejali.

Rambo nalo lilikuwa na maisha ya pili, na marufuku zilipokuja ndiyo yaliyoleta kizaazaa. Lilikuwa mfuko wa taka, kofia ya mvua, kifuniko cha kiti cha bodaboda, kamba ya kufungia. Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, lilikuwa hata choo, kwa watu wasio na choo cha kwenda usiku. Wakazi waliuliza mwaka 2017 sasa watafanyaje, na swali hilo lilistahili kujibiwa kwa vyoo. Wamarekani waligundua jambo linalofanana kwa njia ya takwimu. Mwaka 2019 mwanauchumi Rebecca Taylor alichunguza miji ya California iliyokataza mifuko ya dukani, akakuta mauzo ya mifuko ya taka yamepanda, hasa midogo. Karibu asilimia 30 ya plastiki iliyookolewa ilirudi kwa mlango huo. Watu hawakuwa wakaidi. Takataka za jikoni bado zilihitaji mahali pa kukaa.

Kazi nyingine ya kifungashio ni kumhakikishia mtu kwamba hajaibiwa. Zamani, na mpaka leo kwenye maduka mengi, tulinunua kwa kupima: kibaba cha mchele, robo ya sukari kwenye karatasi iliyokunjwa, mafuta ya kupima. Mteja anakuja na chupa yake, anaondoka na chupa yake, takataka hakuna. Kwa mizani ya mazingira ni mfumo safi kuliko mingi inayosifiwa Ulaya sasa hivi kama uvumbuzi. Lakini ununuzi huo una hofu zake: mafuta yamechanganywa, kibaba kimebonyezwa chini, unga una vumbi. Pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani ilishinda kwa sababu iliondoa hofu hizo, na bei yake ikawa ileile iliyomo mfukoni mwa mtu mwisho wa siku. Kenya wanaiita bidhaa ya kadogo. Sabuni ya unga ya siku moja, kahawa ya kikombe kimoja, dawa ya meno ya wiki.

Anayetaka kupunguza vipakiti hivyo inabidi arudishe uhakika ule kwa njia nyingine. Ndiyo sababu mashine za maziwa zilizoenea kwenye maduka ya Kenya zimekubalika. Mteja anaweka chombo, anataja kiasi cha fedha, hata kama ni shilingi 20, mashine inapima mbele ya macho yake. Hakuna anayezisifia kwa kulinda mazingira. Wanazisifia kwa kuwa maziwa ni nafuu na kipimo hakina ujanja, na pakiti imetoweka bila mahubiri yoyote.

Pochi, lakini si kama tunavyodhani

Ukiwauliza watu kama wako tayari kulipa zaidi kwa kifungashio rafiki wa mazingira, wengi wanasema ndiyo. Ukiwafuata dukani, wengi wanachukua cha bei ya chini. Pengo hili linajulikana kila nchi, na mara nyingi linaelezwa kama unafiki. Naliona tofauti. Kwenye dodoso mtu anaulizwa thamani zake, na anajibu kwa ukweli. Dukani anaulizwa mambo kumi kwa pamoja, mtoto analia, daladala inaondoka, na kifungashio ni jambo la tisa kati ya hayo.

Kinachovuta fikira zaidi ni namna fedha inavyofanya kazi pale inapofanya kazi. Ireland ilianza tozo ya senti 15 za euro kwa kila mfuko mwezi Machi 2002, na matumizi yakashuka kutoka wastani wa mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Kwa mshahara wa Ireland senti 15 ni kitu kidogo sana. Marekani, mtafiti Tatiana Homonoff alilinganisha maduka ya eneo la Washington: mengine yalitoa zawadi ya senti 5 kwa mteja aliyekuja na mfuko wake, mengine yalitoza senti 5 kwa aliyetaka mfuko. Kiasi ni kilekile. Zawadi haikubadilisha karibu chochote. Tozo ilipunguza matumizi kwa zaidi ya pointi 40 za asilimia. Kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha, na pia tozo inamlazimu muuzaji kuuliza: nikupe mfuko? Swali hilo linamwamsha mtu aliyekuwa akipokea bila kufikiri.

Huku kwetu tulipita njia ya marufuku na adhabu. Kenya iliweka faini mpaka shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo mpaka miaka 4. Tanzania ikamwekea mtu wa kawaida anayekutwa na mfuko faini ya kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000 au siku 7 ndani. Mifuko ya mkononi ilitoweka kwa kasi ambayo hakuna kampeni ya uhamasishaji ingeifikia, na mitaro iliyokuwa imejaa ikaonekana chini. Naiunga mkono marufuku ile mpaka leo.

Lakini pochi ilitafuta upenyo wake. Chukua fungu la nyanya la shilingi 500. Mfuko mbadala ukiuzwa shilingi 200, mnunuzi anaambiwa aongeze karibu nusu ya bei ya mboga kwa ajili ya kubebea mboga. Hatalipa, na mama muuza genge akimpa bure anakula faida yake yote. Matokeo yake ni vile vifuko vyepesi vinavyoonyesha ndani, vilivyoruhusiwa kwa kufungia vyakula viwandani: viligeuka kibebeo cha kila kitu, kuanzia dagaa mpaka chipsi za moto. NEMC, baraza la taifa la mazingira la Tanzania, ilibidi ifanye msako dhidi ya matumizi hayo kufikia 2021, na ukienda gengeni leo jioni bado utavikuta. Kenya nako, mwaka 2018 NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, ilitangaza kuipiga marufuku ile mifuko laini ya polipropilini kwa sababu watengenezaji walikuwa wakiipunguza unene mpaka ikawa ya kutumia mara moja, yaani rambo lenye sura ya nguo.

Kapu la ukili lilikuwepo muda wote huo. Bibi zetu walikwenda nalo sokoni kwa sababu walikuwa wanatoka nyumbani kwa ajili ya soko. Kijana wa leo ananunua mboga akitoka kazini, hajui asubuhi kama jioni atapita gengeni. Kumwambia abebe kapu siku nzima kwenye basi la mwendokasi ni kumtaka abadilishe ratiba ya maisha yake. Mfuko unaokunjika ukaingia mfukoni unamsaidia kuliko hotuba kuhusu mababu.

Alama tunazoziamini bure

Chini ya chupa na ndoo nyingi kuna pembetatu ya mishale yenye namba kuanzia 1 mpaka 7. Watu wengi wanaisoma kama ahadi kwamba kitu hicho kitarejelezwa. Alama hiyo ilibuniwa 1988 na chama cha watengenezaji plastiki cha Marekani kutambulisha aina ya plastiki tu, na mwaka 2021 California ilipitisha sheria ya kudhibiti matumizi yake kwa sababu inapotosha.

Neno "inaoza" linapotosha zaidi. Plastiki nyingi za mimea zinaoza kwenye mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi, na dampo la wazi kama Dandora la Nairobi si mtambo wa mboji. Kuna pia plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ili ivunjike upesi; inavunjika kweli, ikawa vipande vidogo vya plastiki. Umoja wa Ulaya uliikataza kuanzia Julai 2021.

Anayejua ukweli wa kifungashio mtaani ni mwokota chupa. Chupa ya maji isiyo na rangi anaichukua, kwa sababu kuna anayeinunua kwa kilo. Ndoo iliyovunjika na dumu anavichukua. Pakiti ya kahawa au ya sabuni anairuka, kwa kuwa ina matabaka ya plastiki na alumini yaliyogandishwa pamoja na hakuna mnunuzi wa skrepa anayezitaka. Ukitazama alichoacha kwenye jalala baada ya kupita, umeona orodha ya vifungashio visivyo rafiki wa mazingira katika mji wako, haijalishi vimechorwa majani mangapi.

Chupa ya soda ya kioo ni mfano wa mfumo uliofanya kazi kwa miongo bila mnunuzi kuombwa awe mwanaharakati. Kioo ni kizito, na kikitumika mara moja kina mzigo mkubwa kwa mazingira, ingawa wengi tunakiona kisafi kwa sababu ni kioo. Kinachokiokoa ni kurudi. Unanunua soda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, unainywa pale pale ukiwa umesimama, au unaacha hela ya chupa, au unakuja na tupu. Kiwanda kinaiosha na kuijaza tena. Leo chupa hiyo inapungua mbele ya ile ya plastiki, kwa sababu ya plastiki unaondoka nayo, na kwa sababu mikwaruzo shingoni mwa chupa ya kioo imeanza kuonekana kama uchafu. Februari 2022 Coca-Cola iliahidi kwamba kufikia 2030 robo ya vinywaji vyake duniani vitauzwa kwenye vyombo vya kujazwa tena. Desemba 2024 ilitangaza malengo mapya, na ahadi hiyo haikuwemo.

Mnunuzi hakuulizwa kuhusu uamuzi huo wa kampuni, na chaguo lake dukani lisingeweza kuufuta. Ndiyo maana nazitazama kwa hamu kanuni ambazo Kenya ilizitoa mwishoni mwa 2024, zinazomtwisha mzalishaji jukumu la kifungashio chake baada ya kutumika. Mzalishaji anayelipia kukusanywa kwa pakiti ana sababu ya kuitengeneza kwa plastiki ya aina moja, ambayo mwokota chupa ataiinamia na kuiokota. Mabadiliko ya namna hiyo hayana rangi wala sauti. Mnunuzi ataipita pakiti hiyo rafuni bila kujua kwamba kuna kitu kimebadilika.